Zabibu za Mama na Waya wa Mita 28

Saa 11 alfajiri
Mwezi wa pili, simu ikiita saa hizi kwangu Nkuhungu, Dodoma, ni msiba au gari limenasa. Leo ni Canter. Imebeba kreti za zabibu, imezama kwenye korongo upande wa Mvumi, na mwenye mzigo ni mama mmoja ambaye sauti yake tayari imekauka kwa kupiga simu usiku kucha. Tumekubaliana bei, nikamwamsha dogo, utingo wangu.

Saa 12 asubuhi
Chai baadaye. Kwanza nafungua waya wa winchi, ile mashine ya umeme iliyo mbele ya gari langu ya kuvutia magari yaliyonasa, na kuulaza uani nikiukagua kwa macho. Siupitishi kiganjani hata nikiwa na glovu za ngozi, maana uzi mmoja uliokatika unachana ngozi ya ng'ombe na yako pamoja. Nimepakia puli (gurudumu la kupitishia waya), shakeli mbili (pingu za chuma za kuungia), mkanda mpana wa mita 3, makoti mawili ya zamani yasiyovalika tena. Majirani wanadhani makoti ni ya baridi.

Saa 2
Tumefika. "Mbukwenyi!" nikawasalimia Kigogo. Wameitikia watu kama thelathini, nusu yao watoto. Canter imeelekeza pua huku kwetu, tairi za nyuma zimezama mpaka ekseli kwenye mchanga uliolowa. Mawingu yapo upande wa juu, na korongo huwa halihitaji mvua inyeshe hapo ulipo ndipo lijae.

Mama kanivamia: "Baba, vuta tu, zabibu zinaharibika!"

"Shikamoo, mama. Tunashusha kwanza."

Hakupenda, namwelewa. Lakini gari na mzigo nilikisia havipungui tani 5, na limeshikwa. Winchi yangu imeandikwa pauni 9,500, kama kilo 4,300, na hiyo ni pale waya unapobaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma, lile pipa dogo la winchi unapojiviringisha. Kila tabaka linaloongezeka juu yake linapunguza nguvu. Huyo anayesimama na waya wote umejaa kwenye ngoma halafu analalamika winchi mbovu, mimi nimemwona mara nyingi.

Saa 3
Vijana wameshusha kreti. Mama anazihesabu moja moja, kaziweka kivulini chini ya mbuyu. Dogo naye alitaka tuufunge mkanda kwenye mbuyu huohuo. Nikamwambia auzungushe tuone. Haukufika hata nusu ya shina.

Tumechukua mgunga mnene, mkanda chini kabisa karibu na mizizi. Puli nimeifunga kwa shakeli kwenye ndoano ya mbele ya Canter, ile ya kwenye chesisi. Dereva wake alitaka bampa. Hapana. Wengine hufunga kwenye lile tufe la kuvutia trela. Likikatika linaruka kama risasi. Waya umetoka kwangu, ukapita kwenye puli, ukarudi mpaka kwenye mgunga. Hivyo nguvu inakuwa mara mbili, mwendo unakuwa nusu, na gari langu halibebi mvuto wote. Ila waya wa mita 28 ukienda na kurudi unafika mita 13 tu, kwa hiyo ilinibidi nisogee karibu kuliko nilivyotaka. Mizunguko 5 ya mwisho kwenye ngoma sikuigusa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoushika waya usichomoke.

Gari langu: gia huru, breki ya mkono, mawe mbele ya tairi, boneti wazi kukinga kioo. Makoti mawili yakalala juu ya waya, moja kila upande, ili ukikatika udondoke chini badala ya kufyatuka.

Saa 4
Kazi ngumu ya siku ni kuwaondoa watu. Tanzania nzima gari likikwama kila mtu ni fundi, na kila fundi anataka kusimama penye waya. Nilimwomba mzee mmoja mwenye fimbo, na fimbo yake ilifanya kazi kuliko maneno yangu.

Injini inaunguruma, silensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta) juu kidogo, maana mota ikibanwa inaweza kula hadi ampea 400 na betri peke yake haichukui muda kufa. Nimebonyeza. Waya ukanyooka, ukalia kidogo. Canter ikatikisika. Hapo mtoto mmoja karuka waya akifuata kandambili yake.

Nimeachia kitufe. Sikupiga kelele, mkono tu juu. Dogo akamtoa mtoto na kandambili, mzee akampa fimbo moja ya miguuni, tukaanza upya.

Tukavuta kidogo, tukapumzika mota ipoe, tukavuta tena. Karibu saa nzima. Tairi za nyuma zilipotoka, mama alipiga vigelegele peke yake.

Saa 6
Kurudisha waya ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanadhani kazi imeisha. Kidole changu cha shahada cha kushoto hakina ukucha. Miaka hiyo nilikuwa naupanga waya kwa mkono karibu na rola, pale waya unapoingilia kwenye winchi, mwenzangu kashika rimoti na anaongea na simu. Siku hizi rimoti nashika mwenyewe, navuta mita moja, nasimamisha, naupanga, narudi nyuma. Dogo anaona nachelewesha. Ana kucha kumi.

Saa 9 alasiri
Ugali na mlenda, Mvumi. Mama katuongezea kreti moja. Mvua imepiga juu kule, na tulipopita tena lile korongo lilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Saa 2 usiku
Nimeusuuza waya mchanga utoke, nikaukausha. Rimoti nimeichomoa kwenye soketi na kuiweka juu ya kabati, maana mtoto wangu wa mwisho leo kaniuliza kile kitufe cha chini kinafanya nini.