Alhamisi moja Dodoma: fundi simu, mwinjilisti wa vijana

Watu wakisikia fulani ni mwinjilisti wa vijana, hudhani anaamka, anasoma Neno, anahubiri, analala. Wengi wetu tunaofanya huduma hii Dodoma hatuna mshahara wa kanisa. Tuna kazi nyingine inayolisha nyumba. Mimi ni fundi simu, meza yangu iko pembezoni mwa soko la Majengo, chini ya mwavuli. Vijana niko nao Alhamisi jioni na Jumapili, na siku nyingine wao ndio wanaonifuata mezani. Hii ni Alhamisi ya Agosti mwaka huu.

Saa 11 alfajiri

Maji ya mgao kwetu Nkuhungu hupenda kutoka watu wakiwa wamelala, kwa hiyo maombi ya asubuhi nyumbani kwangu yana mlio wa madumu. Mke wangu anashika mpira, mimi napanga madumu, na katikati tunawaombea vijana, mmoja mmoja kwa jina lake. Agosti hapa ni baridi kweli, na upepo haukuachi.

Kisha nakaa na Biblia. Natumia Union Version, ile ya mwaka 1952, kwa sababu ndiyo wazee wetu wameikariri na ukikosea neno wanakurekebisha papo hapo. Somo la jioni nililiandaa kutoka Amosi 8, wale wafanyabiashara wanaoona sabato inachelewa kwisha ili warudi kwenye mizani yao ya kupunja. Kwa vijana wa sokoni ni somo tamu. Nikaandika vichwa vya somo nyuma ya risiti ya vipuri.

Saa 1 asubuhi

Chai na kiazi kitamu, halafu natembea. Njiani kuna kijiwe cha bodaboda na lazima nisimame. Kijiweni sihubiri. Waliniambia mapema, "Mwinjilisti, hapa salamu tu," nami nimeliheshimu hilo, na ndiyo maana wananiuliza mambo.

Mmoja, ambaye mkeka wake ulikuwa umechanika kwa timu moja tu, akaniuliza kama kubeti ni dhambi. Ukimjibu ndiyo, atacheka, na mazungumzo yamekwisha. Nikamwomba afungue miamala ya mwezi mzima kwenye simu yake ajumlishe mwenyewe alichopeleka kwenye mikeka. Akakaa juu ya pikipiki akisukuma orodha kwa kidole gumba, wenzake wanamchungulia begani. Ilizidi hesabu anayompelekea bosi wake kwa wiki mbili. Akasema "Duh," akavaa kofia ngumu, akaondoka na abiria. Sijui kama ameacha. Jioni ile nilimwona amesimama kwenye kibanda cha kubeti, ila mkononi hakuwa na kitu.

Saa 2 na nusu

Nafungua meza. Kazi ya simu ina majaribu yake ambayo sijawahi kuyasikia yakihubiriwa. Mteja anakuachia kifaa ambacho ndani yake mna picha za watoto, ugomvi wake na mumewe, na salio lake lote. Mimi namba ya siri siandikiwi kwenye karatasi. Inapohitajika, mteja anaiweka mwenyewe mbele yangu. Nikibadilisha kioo najaribu kamera kwa kupiga picha ya meza na kuifuta, galari siigusi. Kioo kikiwa kopi nasema ni kopi. Jirani yangu wa kushoto, Mwislamu anayefunga meza yake kila adhana, ana utaratibu kama huo na tunapeana wateja. Wa kulia hutucheka wote wawili kwamba tutakufa maskini na dini zetu.

Alikuja bibi mmoja na kitochi, simu ndogo ya vitufe, kisichoingiza chaji. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akafurahi, tukaendelea kwa Kiswahili. Mwanawe yuko Dar, humtumia hela ya matumizi kwa simu, na siku ya tatu sasa hampati. Nikamulika kwenye tundu la chaji: vumbi jekundu limeshindiliwa kama udongo wa kichuguu. Sindano, mswaki wa zamani, tone la spiriti, kikawaka. Fundi angeweza kukunja uso, aseme sistimu ya chaji imekufa, na kuchukua elfu kumi. Bibi asingejua chochote. Nilichukua elfu moja. Akaitoa kwenye fundo la kanga, akanibariki kwa Kigogo kirefu ambacho nusu yake sikukielewa, maana mimi ni Mrangi wa Kondoa.

Saa 4 na nusu

Habari hii naiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane.

Kijana wetu mpiga kinanda alikuja na simu kubwa, nzuri, imepasuka kona.

"Bwana asifiwe, kaka. Nitolee lock tu. Kioo baadaye."

"Ameni. Simu ya nani?"

"Yangu. Nimenunua."

"Risiti iko wapi?"

Akaanza kukagua makava yaliyoning'inia.

Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki Juni 2016, hata mtoto wa shule anajua kubonyeza *#06# kuangalia IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Ila hapa sikuhitaji kubonyeza kitu. Simu haina boksi, laini imetolewa, imefungwa kwa akaunti ya mtu, na ukiiwasha inakutazama picha ya mtoto mchanga aliyevaa kofia ya njano. Nikamgeuzia.

"Huyu mtoto nani?"

Aliinunua kwa mtu stendi, shilingi 40,000. Simu yenyewe haipungui laki nne.

Kwamba siifungui, hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni yeye. Ni mtoto wa mjane, kinanda amejifunzia kanisani kwetu kwa kukodolea macho vidole vya wakubwa, na mafundi wa pembeni walikuwa wameshatega masikio. Nikimfokea pale, Jumapili simwoni, pengine na mwakani. Nikamsogezea kigoda, nikaagiza chai mbili.

"Kaka, yule fundi wa ng'ambo atanitolea kwa elfu kumi na tano," akasema.

"Najua."

"Sasa si bora uichukue wewe hiyo hela?"

Nikamwambia mtoto wa kofia ya njano ana mama, na huenda picha zake zote za uchanga ziko humo. Hakujibu. Alikunywa chai yote, akaiweka simu mfukoni, akaondoka nayo. Jirani yangu aliniuliza kwa nini sikumnyang'anya. Nilifikiria sana hilo. Ningemnyang'anya, kesi ingekuwa kati yangu na yeye. Nilitaka ibaki kati yake na ile picha.

Saa 7 mchana

Ugali na mlenda kwa mama ntilie.

Saa 8 mchana

Kipindi cha dini katika sekondari moja ya kata. Waislamu wanakwenda na ustadhi wao, Wakristo wanabaki na mimi, madhehebu yote yamechanganyika. Nina boksi la chaki ambamo wanadumbukiza maswali bila jina, na kwangu hilo boksi ndilo mtaala. Siku hiyo lilikuwa na maswali kama haya: Mungu anasikia sala ya mtu aliyeingia na kibomu, karatasi ya kuibia majibu, kwenye mtihani? Baba akilewa anampiga mama, bado nimheshimu? Kusuka rasta ni dhambi? Mafuta ya upako ya elfu ishirini yanaweza kunifaulisha hesabu?

La rasta nililimaliza kwa sentensi moja. La baba lilichukua karibu kipindi kizima, kwa sababu nilitazama madawati nikaona vichwa vimeinama vingi kuliko nilivyotarajia. Niliwaambia kumheshimu mzazi si kumfichia maovu, kwamba mwambie mwalimu wa malezi, mwambie mjomba au shangazi, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi kwa ajili hiyo. Mtu mzima mmoja aliwahi kunilaumu kwamba hayo si mambo ya kipindi cha dini. Sikubaliani naye hata kidogo.

Kuhusu mafuta nilisema wazi: Petro alimkemea Simoni aliyetaka kununua karama kwa fedha, Matendo 8, nendeni mkasome. Anayemuuzia mwanafunzi chupa badala ya kumwambia afanye mazoezi ya hesabu anamdhulumu. Wakapiga makofi, jambo ambalo silipendi sana, maana nusu yao walikuwa wanashangilia kusemwa kwa mtu fulani.

Huwa nawakumbusha pia kwamba mji huu umewahi kuwa na mwalimu wa shule aliyekuwa pia mhubiri. Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyekuja kuwa askofu na mhubiri aliyejulikana mbali sana, miaka ya 1940 alikuwa anafundisha shule ya Alliance hapa Dodoma, ile iliyoitwa Mazengo baadaye na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha St John's. Uamsho wa Afrika Mashariki ulitembea na watu kama yeye, wenye chaki mkononi. Mwanafunzi wa nyuma akauliza alikuwa analipwa shilingi ngapi.

Saa 10 jioni

Meza tena. Betri mbili, laini moja iliyokwama, mteja mmoja mkali.

Saa 12 jioni

Fellowship ya vijana. Kabla sijaingia nilisimama nje na ile risiti yenye Amosi na mizani yake ya udanganyifu. Asubuhi lilikuwa somo zuri. Sasa, kama yule kijana yumo ndani, angesikia jambo moja tu: kwamba nimeipeleka chai yetu madhabahuni. Vijana wengi wameondoka makanisani kwa sababu hiyo hasa. Wanamweleza kiongozi jambo lao Jumatano, Jumapili wanalisikia kwenye spika, bila jina lakini na kila kitu kingine. Nikaikunja risiti. Nikafundisha Ruthu 2, msichana mgeni anaokota masazo shambani na Boazi anavyowaagiza watu wake wamwachie kwa makusudi. Wana wa wakulima wa uwele na zabibu hawahitaji kuelezwa maana ya kuokota masazo.

Alikuja amechelewa, akakaa benchi la mwisho. Kinanda kikabaki kimefunikwa kitambaa. Hakuna aliyemuuliza. Akina dada wakachukua ngoma, na kwa Wagogo ngoma za muheme ni za wanawake hata hivyo, wakaanzisha pambio kwa Kigogo, na kusema kweli liliimbwa kuliko siku zote. Mzee mmoja wa kanisa alipita mlangoni akabaki hapo akitikisa kichwa kwa mdundo, yeye ambaye kila mwezi hulalamika kwamba vijana wana kelele.

Baadaye tukabaki na wachache tuliozoea kubaki. Watatu wanatafuta kazi, tukasahihisha barua zao za maombi. Mmoja ana mkopo wa kwenye simu na wale watu wameanza kuwapigia ndugu zake wote. Tukakubaliana ampigie mjomba wake mwenyewe kabla hawajampigia wao, naye akapiga pale pale, spika ikiwa wazi, huku tunamsikiliza akijikaza.

Saa 3 na nusu usiku

Nyumbani. Mtoto amelala. Mke wangu ananisimulia siku yake dukani, ambayo ilikuwa ndefu kuliko yangu.

Meseji ikaingia: "Kaka, nikiipeleka polisi si watanikamata mimi?"

Hofu yake haikuwa ya bure. Nikamjibu asiende peke yake. Saa 2 asubuhi tukutane ofisi ya serikali ya mtaa, aje na mama yake, tumweleze mwenyekiti kwanza, halafu twende kituoni sote wanne.

"Mama lazima ajue?"

"Lazima."

Ikapita kama nusu saa.

"Sawa. Na elfu arobaini yangu je?"

Nikamwandikia kwamba hiyo hairudi.