Adabu ya Muumini Kwenye Benchi la Hospitali

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu katika imani, tafakari yetu ya wiki hii inatupeleka mahali ambapo wengi wetu hatupahesabu kuwa mahali pa ibada, napo ni pale tunapoketi kumsubiri daktari hospitalini. Hapo watu hukaa kwa saa nyingi, bega kwa bega na wasiowajua, kila mmoja ameshika kadi yake na ametega sikio asije akapitwa na jina lake. Aliyekuja na mafua ameketi ubavuni mwa mjamzito. Anayekohoa kwa wiki ya tatu amepakana na mgonjwa wa kisukari ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Na mtoto aliyebebwa mgongoni, uso wake ukiwa sawasawa na shingo ya jirani, anapiga chafya bila kizuizi chochote. Kila mmoja hujiona kuwa yeye ndiye mgonjwa, na wengine wote ni foleni tu.

Abu Huraira (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya aliweka mkono wake au nguo yake mdomoni na kuipunguza sauti yake, na hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Sisi tumeyashika sana maneno yanayofuata chafya, na ni vyema, kwani mtoto wa madrasa hujifunza mapema kusema Alhamdulillahi na kuitikiwa Yarhamukallah. Lakini kile kitendo kinachotangulia maneno tumekilegeza, hata utamsikia mtu akimhimidi Mola wake kwa sauti ya juu baada ya kuwarushia matone watu wa benchi zima. Leso, ncha ya mtandio, barakoa, vyote vinatosha. Asiye na kitu na akunje mkono akohoe kwenye kiwiko, na aliyetumia kiganja akakioshe kwa sabuni, maana kiganja hicho hicho ndicho kitakachoshika kitasa cha mlango na kalamu ya mapokezi.

Wapo wanaojibu kwamba Mtume (S.A.W.) amesema hakuna maambukizi, na kwamba anayejifunika au kujitenga imani yake ina kasoro. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini haifai kuisoma nusu. Katika mapokezi ya Bukhari maneno hayo yanafuatwa na amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba, na katika hadithi nyingine mwenye ngamia wagonjwa anakatazwa kuwapeleka kwa ngamia wazima. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa kinachokanushwa ni itikadi ya zama za ujahilia kwamba ugonjwa huhama kwa nguvu zake wenyewe pasipo idhini ya Mwenyezi Mungu. Sababu zenyewe hazikukanushwa. Khalifa Umar (R.A.) alipoikatiza safari na kurudi akiwa Sargh, njiani kuelekea Sham (nchi ya Siria na jirani zake), kwa habari za tauni, aliulizwa na Abu Ubaida (R.A.) kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu.

Hadithi ninayoiona kuwa nzito zaidi kwa jambo letu ni ile aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba katika ujumbe wa kabila la Thaqif alikuwemo mtu mwenye ukoma, naye Mtume (S.A.W.) akampelekea ujumbe: "Tumekwisha kupokea bai'a yako, basi rejea." (Ukoma wa leo una dawa, na aliyeanza tiba haambukizi, kwa hiyo asitokee mtu wa kuitumia hadithi hii kumnyanyapaa yeyote.) Tuangalie lililotendeka hapo. Bai'a ni kiapo cha utii, na kwa kawaida wanaume walikitoa kwa kushikana mikono. Lakini kwa mtu huyu kilitimia bila mkono, wala hakikupungua thamani. Ikiwa bai'a ilisihi hivyo, basi salamu yetu ya kwenye benchi itasihi zaidi, na mwenye mafua anayeweka mkono kifuani na kusema Assalamu alaykum hapaswi kuambiwa kwamba anaringa. Tena Mtume (S.A.W.) hakumtangaza mtu yule mbele ya watu. Alitumiwa ujumbe, akaheshimiwa, akahesabiwa miongoni mwa waliotoa bai'a.

Heshima hiyo inahitajika sana kwa wenye kifua kikuu. Tangu daktari wa Kijerumani Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba ugonjwa huo unasababishwa na bakteria, haijabaki nafasi ya kuuhusisha na uchawi au laana ya ukoo, na bado wapo wanaoficha kikohozi kwa kuogopa macho ya watu. Vimelea vyake husafiri katika chembe ndogo mno zinazoelea hewani kwa saa kadhaa, ndiyo maana dirisha lililofunguliwa ni tiba ya chumba kizima, na anayelifunga kwa kuogopa upepo anawadhulumu wenzake bila kujua. Surua nayo ni kali zaidi: virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mzazi mwenye mtoto aliyetoka vipele na homa amtaarifu muuguzi mlangoni, kabla ya kuketi, na mtoto asubiri nje na msindikizaji mmoja. Nimesema mmoja, kwa sababu mila yetu ya kumsindikiza mgonjwa kwa ukoo mzima, pamoja na wema wake, hujaza viti ambavyo vingeacha nafasi kati ya mtu na mtu.

Sababu kubwa inayomzuia anayekohoa kusogea dirishani, hata hivyo, mara nyingi si ukaidi. Ni foleni. Kwenye benchi zetu zamu huhesabiwa kwa makalio: akiitwa wa mbele, wote husogea nafasi moja, na aliyeinuka amejitoa mwenyewe. Hapo ndipo jirani mzima ana wajibu ambao hotuba nyingi za usafi haziutaji. Badala ya kugeuza uso na kuvuta mtandio puani, amwambie taratibu: "Shikamoo mzee wangu. Pale dirishani pana hewa nzuri, nenda ukapumzike. Nafasi yako naishika mimi, na jina lako likitajwa nitakufuata." Na akishasema hivyo, waliokaa nyuma watakapoanza kusogea ili kulijaza pengo, ni juu yake kuwaambia kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe.