Mgeni Aanze na Boksi: Nilivyowapokea Wafanyakazi Wapya wa Chama cha Historia

Chama chetu cha historia ni kidogo, na kazi ya kuwapokea wafanyakazi wapya iliniangukia kwa kuwa ndimi niliyeshika funguo za chumba cha nyaraka. Utaratibu niliourithi ulikuwa wa maneno matupu: mgeni anatembezwa, anakabidhiwa katiba na kanuni za utunzaji, kisha anaonyeshwa meza yake. Kanuni alizikariri, ila sababu zake hakuzijua. Nikaamua aanze na boksi.

Sasa kila anayeajiriwa, awe mtunza nyaraka, mhasibu au mtu wa mapokezi, nampa boksi moja ambalo halijapangwa, lililotoka kwa familia moja, pamoja na mwanachama mkongwe wa kukaa naye. Boksi nalichagua mwenyewe na kulikagua kwanza, lisiwe na kuvu wala siri za watu walio hai. Wao wawili hulichukua kutoka mlangoni hadi rafuni.

Huanza na daftari la mapokezi: nani kaleta, lini, kwa masharti gani. Hapo mgeni hukutana na hati ya makabidhiano na kugundua kwamba kuwa na barua si kuwa na hakimiliki yake. Aliyetuletea barua za marehemu shangazi yake huenda ametupa karatasi tu.

Kisha hufungua. Kalamu ya wino haiingii, ni penseli tu. Karatasi hushikwa kwa mikono iliyonawiwa ikakauka vizuri, picha na negativu, yaani filamu zinazosafishiwa picha, kwa glavu. Sihitaji kuhubiri, kwa sababu boksi lenyewe linafundisha: pini yenye kutu imetoboa na kuchafua kurasa, selotepu imebanduka na gundi yake imezama kwenye maandishi, kipande cha gazeti kimeiachia barua jirani umanjano wa asidi yake. Negativu za asetati, aina ya plastiki, zikinuka siki, mgeni anajua zimeanza kuoza na zitengwe na nyingine, zikae kwenye baridi.

Pagumu zaidi ni kujizuia kupanga upya. Kijana mmoja alitaka kuweka barua kwake, picha kwake, risiti kwake. Mzee aliyekaa naye akamuuliza, “Mwanangu, risiti hii ya dawa ilikunjwa ndani ya barua hii kwa nini?” Wakaisoma barua. Mwandishi alikuwa anamweleza kaka yake ugonjwa wa mama yao, na risiti ilikuwa ushahidi wa pesa zilikokwenda. Ukiitoa pale, inabaki karatasi ya duka la dawa. Wataalamu wa nyaraka wa Kiholanzi Muller, Feith na Fruin waliitetea kanuni ya kuheshimu mpangilio wa asili katika mwongozo wao wa 1898, na mimi naieleza baada ya boksi, kamwe si kabla. Yule kijana aliielewa kwa sentensi mbili.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Wakongwe wetu wanabeba vichwani majina ambayo hayamo katika orodha yoyote. Mzee akiona picha ya harusi atasema yule wa nyuma ni nani na alikuja kuwa nani. Mgeni huandika kwenye bahasha ya picha, akitaja aliyesema na tarehe. Simulizi ikirefuka, wanaomba ridhaa kwa maandishi na kurekodi. Nawasihi wenzangu katika vyama vingine wasiliahirishe hili, maana maarifa hayo mwenyewe akiondoka hayarudi.

Mwisho, mgeni ndiye anayeipigia simu familia iliyotoa boksi na kuikaribisha ione orodha yake. Wengine hufika na boksi la pili.

Uongozi ulilalamika kuwa njia hii inachelewesha kazi nyingine, na ni kweli inachelewesha. Kwa wanaojitolea mara moja kwa wiki nimepunguza: wanapewa bahasha moja badala ya boksi, lakini mkongwe wa kukaa naye hawamkosi.