Siku moja maishani mwangu: mkono wa kulia ukiumia, nani ataandika?

Saa 11:30 alfajiri. Nafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia nilivipoteza kwenye mashine ya kukata bati miaka tisa iliyopita. Kukiwa na baridi, visiki huuma kana kwamba kucha bado zipo. Naloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, nakunja na kukunjua mpaka ngozi ilegee.

Saa 1:00 asubuhi. Zamu inaanza. Mimi ni wa stoo, lakini wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao wa usalama. Kwenye drili namkuta mtu amevaa glavu, namwomba avue. Kwenye bati glavu huzuia makali, ila kwenye kitu kinachozunguka, uzi mmoja ukinaswa mkono wote hufuata.

Saa 3:20. Mkanda wa kusafirishia bidhaa umekwama. Fundi amezima swichi, anataka kuingiza mkono. Namzuia. Mimi niliumia hivyohivyo: swichi ilizimwa, mwenzangu hakuniona nimeinama, akaiwasha. Tunafunga swichi kwa kufuli, ufunguo anautia mfukoni mwake mwenyewe, ndipo anaanza kazi.

Saa 5:10. Kijana wa matengenezo ananionyesha ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Mpira wa pampu ya grisi umepasuka, grisi ikamchoma. Tundu ni dogo kama la sindano. Hatoki damu, wala hasikii maumivu. Msimamizi anamwambia apanguse aendelee.

Mimi moyo unanienda mbio. Grisi ikirushwa kwa shinikizo kubwa haikomei kwenye ngozi. Hupenya, ikafuata njia ya kano kuelekea kiganjani, na nyama huanza kufa kimyakimya. Maumivu makali huja saa kadhaa baadaye, na wakati huo huenda kidole kikawa hakiokoki tena. Dawa yake ni upasuaji, na ni leo. Naomba gari, napiga picha lebo ya kopo la grisi ili daktari ajue kilichoingia.

Gari likisubiriwa, naleta daftari la ajali. Msimamizi anajitolea kuandika, kwa kuwa kijana hawezi kushika kalamu. Nakataa kwa heshima. Nilipoumia mimi, waliniandikia “uzembe wa mfanyakazi”, nikatia dole gumba la kushoto bila kusomewa. Kulifuta neno hilo kulinichukua miezi 14. Kwa hiyo naandika maneno ya kijana mwenyewe: saa, mahali, mpira uliochakaa, nani alikuwa karibu. Namsomea, anatia dole gumba. Ukurasa naupiga picha kwa simu yake.

Saa 8:00 mchana. Naitwa ofisini. Wanasema kijana ndiye aliyepaswa kuukagua mpira. Nawajibu kwamba katika nchi nyingi, anayedai fidia ya ajali kazini halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri. Ana haki ya matibabu na sehemu ya mshahara akiwa nje ya kazi, na ulemavu ukibaki, hupimwa hali ya mkono ikishatulia. Mafundi wengine wamekataa kuigusa pampu ile. Nalo hilo nalitetea: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mtu anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi, asiadhibiwe.

Saa 12:15 jioni. Hospitalini. Wamempasua kuanzia kidole hadi kiganjani, wameosha grisi, jeraha wameliacha wazi ili walisafishe tena. Kidole kipo.

Mama yake amekaa kando ya kitanda. Kijana anatoa karatasi chini ya mto kwa mkono wa kushoto. “Kaka, mtu wa ofisi ameileta nisaini. Nikasema nakungoja tuisome pamoja.”

Tunaisoma polepole, mama akisikiliza. Mstari wa tatu unasema amelipwa stahili zake zote na hatadai tena. Mama anaikunja, ananikabidhi niirudishe ofisini kesho bila sahihi.