Alasiri katika Sagrada Família

Leo nimezuru Sagrada Família, kanisa la Barcelona ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1882 na haujakamilika. Antoni Gaudí alikabidhiwa kazi hiyo mwaka uliofuata, akaishikilia hadi Juni 1926, alipogongwa na tramu na kufariki siku tatu baadaye. Amezikwa humo humo, katika kanisa la chini. Kwa kuwa alijua hataliona likikamilika, hakuinua kuta zote kwa pamoja, bali alielekeza nguvu kwenye upande mmoja, ule wa Kuzaliwa kwa Yesu, ili watakaompokea kazi waone alichokusudia.

Upande huo ndio ulionichukulia muda mrefu zaidi. Jiwe lote limejaa majani, ndege na malaika wapigao ala, na chini ya nguzo mbili za langoni wamechongwa kasa, upande wa baharini, na kobe, upande wa milimani, kila mmoja akibeba nguzo yake mgongoni. Watu wengi wanawapita, kwa kuwa macho yote yako minarani.

Ndani, nguzo zimeinama kidogo, kisha zinagawanyika juu kama miti, na si kwa urembo tu: zinafuata njia ambayo uzito wa paa unashukia, hivyo kuta hazihitaji mihimili ya kuziegemeza kwa nje. Alasiri, jua lilipopita kwenye vioo vyekundu na vya rangi ya chungwa vya upande wa magharibi, mawe yalibadilika rangi mbele ya macho yetu.

Mwaka 1936 karakana ya Gaudí ilivamiwa, michoro ikateketea na vielelezo vya plasta vikavunjwavunjwa, kwa hiyo waliofuata walilazimika kuunganisha vipande na kukisia. Josep Maria Subirachs, aliyechonga upande wa Mateso, hakujaribu kumwiga Gaudí. Sanamu zake ni kavu, zenye pembe kali, na wapo wanaozichukia. Mimi naona alifanya vyema, kwani mateso yaliyopambwa maua yasingeaminika.

Lililobaki kubwa ni lango la Utukufu. Ngazi zake zimekusudiwa kuvuka barabara ya Mallorca hadi penye nyumba za watu, na wakazi wanapinga. Katika hilo niko upande wa wakazi, ingawa nimetoka humo nikiwa nimelipenda kanisa lenyewe.