Tulivyowasomea watoto sinema Temeke

Tulikuwa wanne, wote tumekulia Temeke, na tulitaka likizo ya mwezi wa sita watoto wa mtaani kwetu wapate tamasha lao la filamu: siku tatu, bure, katika shule ya msingi ya jirani, wakae kwenye mikeka. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kupata filamu. Tukawaandikia waongozaji barua pepe mmoja mmoja, tukaeleza kwamba hatuuzi tiketi na watazamaji wetu ni wa miaka sita hadi kumi na minne. Wengi walijibu, tena kwa upendo. Tukabaki na filamu fupi tisa, ndefu kuliko zote dakika kumi na nane. Kumbe kazi ilikuwa inatusubiri kwingine.

Wiki mbili kabla ya tamasha tuliwakusanya watoto kumi na wawili sebuleni kwa mama yangu mdogo tufanye majaribio. Tulianza na filamu ya Kifaransa, ya mvulana na babu yake. Mimi na mwenzangu tulikesha siku nne tukiiandikia maneno ya Kiswahili chini ya picha, na nilikuwa naona fahari. Dakika ya tatu binti mmoja wa darasa la pili akanigeukia: “Dada, wanasemaje?” Nikamwambia soma hapo chini. Akajitahidi: “Ba-bu ha-ta…” Maneno yakaondoka. Yakaja mengine, akaanza upya, nayo yakaondoka. Mtoto wa darasa la pili ndiyo kwanza anaunganisha silabi, na sentensi hukaa kwenye picha sekunde mbili tatu tu. Filamu nzima aliambulia mianzo. Wale wa darasa la sita walisoma vizuri, ila nilipowauliza babu alikuwa ameshika nini mkononi, hakuna aliyeona. Macho yao yalikuwa chini muda wote.

Usiku ule sikulala vizuri. Dawa yenyewe nilikuwa naijua tangu utotoni. Sisi sinema tulijifunzia kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, mapazia ya magunia, televisheni imewekwa juu, na filamu za Kihindi na Kichina zimewekewa sauti ya mtu anayetafsiri kila kitu kwa Kiswahili, adui akafuru kwa lafudhi ya Kariakoo. Hakuna aliyetuambia tusome. Baadaye nikajua kwamba hata Tamasha la Filamu la Berlin, ambalo kitengo chake cha watoto kilianza 1978, huweka mtu ukumbini na maiki awasomee wadogo maneno kwa Kijerumani papo hapo. Nilifurahi kupita kiasi. Jambo tulilochapwa fimbo kwa kulifuata vibandani, wenzetu wanalifanyia kazi kwa heshima zote.

Tukamtafuta kaka mmoja wa Tandika aliyewahi kutafsiri vibandani miaka mingi. Sauti anayo, na watoto wanampenda kabla hajasema kitu. Tatizo ni kwamba amezoea kutia chumvi. Katika filamu yetu kuna sehemu mvulana anatembea peke yake hadi kisimani, dakika nzima hakuna neno, ni upepo tu. Yeye akaijaza yote: dogo ana njaa, dogo anamkumbuka mama yake, dogo anaogopa nyoka. Nikamwomba aiache kimya. Akaniambia, “Dada, watoto ukiwaacha kimya dakika nzima wanaanza kusukumana. Mimi nimekaa nao, wewe umekaa na kompyuta.” Nikamjibu kwamba mwongozaji aliuweka ule ukimya makusudi, nasi hatuna haki ya kuuondoa. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Sote wawili tulikuwa na haki. Tukakubaliana hivi: mwanzo wa filamu awatambulishe wahusika kwa namna yake, achangamke atakavyo, filamu ikishaanza aseme maneno ya wahusika tu, ukimya abaki nao. Naye akadai kitu kimoja, kwamba yeye ndiye apange filamu zifuatane vipi. Akaweka ya kuchekesha isiyo na maneno iwe ya kwanza, ya babu akaiweka ya tatu. “Wakishacheka pamoja, watanyamaza pamoja,” alisema. Ndivyo ilivyokuwa, na sijabadilisha mpangilio huo hadi leo.

Anayetaka kujaribu ajue kwamba karatasi za msomaji si tafsiri ya kawaida. Maneno yetu ni marefu, na mdomo wa mhusika hauwasubiri. Tulikata, tukakata tena, mpaka “Naomba unisamehe, sikujua kwamba ungeumia” ikawa “Nisamehe.” Pembeni ya kila mstari tuliandika dakika na sekunde. Sauti ya filamu tuliishusha bila kuizima, kwa sababu mtoto anataka kusikia kilio chenyewe, hata kama lugha ni ngeni.

Vibali navyo vinataka mapema. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, filamu haionyeshwi hadharani hivi hivi, hata kwa watoto na hata bure. Lazima ipite Bodi ya Filamu. Anza miezi kadhaa kabla. Serikali ya mtaa na mwalimu mkuu walitupokea vizuri. Kwa upande wa picha, tuliamua hakuna mtoto atakayepigwa picha bila mzazi kusaini, na sijutii.

Muda ulitusumbua kuliko vibali. Mwezi wa sita jua la Dar linazama kama saa kumi na mbili na robo jioni, kwa hiyo sinema ya uwanjani inaanza baada ya Magharibi, na hapo mtoto wa miaka saba anarudi nyumbani gizani. Alasiri wengi wana madrasa. Ikabaki asubuhi, darasani, madirisha tumeyaziba kwa vitambaa vyeusi. Giza likapatikana, lakini watoto tisini kwenye chumba kilichozibwa, hata msimu wa baridi wa kwetu, ni tanuri. Tukaonyesha dakika arobaini kwa mkupuo, kisha mlango wazi, maji, na kukimbia uwanjani. Jioni ya mwisho tu ndiyo tuliwaita na wazazi nje.

Siku ya pili umeme ulikatika katikati ya filamu ya babu, mvulana akiwa mlangoni, babu yuko kitandani. Giza totoro. Nikakimbilia kuazima jenereta, moyo unanidunda, nikijua nikirudi nitakuta vurugu. Nikakuta kimya. Tulikuwa tumefungua madirisha, na yule kaka alikuwa ameketi chini kati yao akiuliza, “Sasa, anaingia au haingii?” Mvulana mmoja akasema babu hawezi kufa kwa sababu ndiye staringi, na staringi hafi. Mwingine akasema staringi ni mjukuu. Binti mmoja akasimama akaendeleza hadithi yote hadi mwisho, na wenzake wakamsahihisha: hapana, yule hawezi kusema hivyo, yule ana aibu. Jenereta haikuwashwa kabisa. Umeme uliporudi baada ya kama nusu saa wakaomba filamu iendelee pale pale. Babu alikufa. Hakuna aliyesukumana.

Nilijifunza tangu siku hiyo kwamba mtoto akiulizwa mwisho kabla hajauona, anautazama kwa namna nyingine. Sasa tunasimamisha filamu moja kila siku kwa makusudi.

Walipiga kura pia. Kule Giffoni, Italia, tamasha lililoanza 1971, majaji ni watoto wenyewe, nasi tukaiga kwa uwezo wetu: kila mtoto kizibo kimoja cha soda, ndoo tisa, kila ndoo na mchoro wa filamu yake. Sisi wakubwa tulikuwa na uhakika ile ya kuchekesha itashinda. Ndoo ya babu ilijaa.

Jioni ya mwisho, mbele ya wazazi, yule kaka aliwapa maiki watoto watatu waisome filamu ya babu. Walikuwa wameishika kwa moyo. Mmojawapo ni yule binti wa darasa la pili. Alipewa mistari minne tu, na aliwahi kidogo kwenye mmoja, babu akawa hajafungua mdomo bado. Mama yake alikuwa mstari wa mbele na khanga ameikunjia mapajani, midomo yake ikitembea pamoja na ya mwanawe.

Mwaka huu wasomaji wote ni watoto, na yule kaka ndiye mwalimu wao. Mazoezi ni Jumamosi mbili. Karatasi nimeziandika upya kwa mkono, herufi kubwa nyeusi, mistari miwili tu kwa kila ukurasa, ili kidole kisipotee gizani.