"Sayansi wapo?"

Kwenye daladala mimi hushukia kituo cha Sayansi, Kijitonyama, Dar es Salaam. Konda huuliza mara moja tu, "Sayansi wapo?", tena macho yake yako nje. Mimi nimeshajiandaa tangu Makumbusho: nimekohoa, koo safi, neno liko mdomoni. Ila natega sikio kwanza, huenda kuna mwingine atakayeitikia. Siku akikosekana, konda anagonga bati, "Hakuna, twende!", nami nakitazama kituo changu kikipita dirishani kama sina habari nacho. Nashuka Bamaga, narudi kwa miguu. Na natembea haraka haraka, nionekane nilikuwa na shughuli Bamaga.

Nina miaka 34 na bado aibu haijaniisha.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 Barabara ya Morogoro, watu waliyasifia kukwepa foleni. Mimi nilichokipenda ni kwamba gari linasimama kituoni lenyewe, hakuna kumpigia mtu kelele.

Sisi wenye aibu tunajuana kwa maneno. Kwa mama ntilie hatuombi chumvi, tunaomba "samahani, chumvi kidogo, kama ipo", na kopo la chumvi tunaliona lile pale. Tukiulizwa tutakula nini: "Chochote tu." Ugenini: "Nimeshiba," huku tumbo linatusuta. Sentensi inaanza vizuri, ikifika katikati sauti inazama, maneno ya mwisho yanasikiwa na kola ya shati peke yake. Kwenye grupu la familia la WhatsApp narekodi sauti, naisikiliza, naifuta, narekodi tena. Mwishowe natuma kidole gumba.

Kupitilizwa kituo nimeshazoea. Kinachoniuma ni shikamoo. Mtaani kwetu kuna wazee hukaa kwenye benchi nje ya duka, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikipita naamkia, wallahi naamkia, lakini inatoka nyembamba, nimeinamisha kichwa, na vizibo navyo vinapigwa ubaoni kwa fujo. Hawasikii. Mama akaletewa maneno: "Mwanao siku hizi anaringa, hata salamu hana." Kwetu kumwambia mtu hana haya ni tusi zito. Mimi ninazo za kugawa, na ndizo zimenipa jina la mkosa adabu.

Kesho yake nikaamua kurekebisha. Nikapaza shikamoo hadi mzee mmoja akabaki na kizibo hewani.

"Marahaba... kulikoni, baba?"

Sijapita njia ile tangu Jumanne. Nazungukia nyuma ya msikiti.

Halafu msidhani mwenye sauti ndiye asiye na aibu. Binamu yangu ni konda. Kutwa nzima "Posta, Posta, wawili wa haraka!" Jioni anapita kwa dada mmoja anayeuza chapati karibu na kwao. Miezi minne sasa ananunua, na hajawahi kumwambia neno zaidi ya "mbili". Akifika pale anavua kofia, anaivaa, anahesabu chenji aliyokwisha kuihesabu.

Wiki iliyopita akanishika bega. "Mwanangu, nenda kanisemee."

Mimi! Katika ukoo mzima!

Nikaenda. Nikasimama mbele ya kikaango, moshi machoni, yeye kajibanza nyuma ya nguzo ya umeme. Dada akainua uso.

"Karibu kaka, ngapi?"

"Mbili," nikasema. "Samahani. Kama zipo."